Mlango Uliokuja na Lori

Madirisha ni tisa, si kumi na tano. Naanza na hilo kwa sababu mtu anayeweza kuongeza madirisha sita kwenye nyumba iliyo kando ya njia, inayoonekana na kila apitaye, hashindwi kuongeza na mambo yasiyoonekana. Mlango wa mbele ni mmoja, wa pande mbili, unaofunguka katikati. Haukuibwa. Hakuna kitu kilichoibwa katika nyumba hii, hata msumari, na misumari nitaifikia.

Inasemwa pia kwamba siku mume wangu alipoletwa, mimi niliulizia mlango kabla ya kumuulizia yeye. Nalo nitalieleza. Nimefundisha darasa la nne kwa miaka ishirini na sita, na ninajua kwamba jibu likinukuliwa bila swali lake, hata mtu mwema huonekana mbaya.

Mume wangu alikuwa mkulima, tena mkulima mzuri. Aliishia darasa la saba; mimi nilimaliza kidato cha nne, kisha chuo cha ualimu. Tulipooana watu walishangaa, na wifi yangu mkubwa, yaani dada yake, alisema mbele ya wageni, "Umeoa chaki, kaka. Utakula vumbi." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa ulikuwa utani na nilikuwa mgeni. Mume wangu akamjibu, "Afadhali vumbi la chaki, dada. La mdomo wako halifutiki."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa na maneno mengi, ila aliyokuwa nayo yalitosha.

Shamba la baba yao liligawanywa kwa wana wanne. Fungu lililomfikia mume wangu ungeweza kulivuka huku umebana pumzi. Hata hivyo lilitulisha: mahindi sehemu ya chini, maharage juu, na ghalani tulikuwa na magunia yaliyotufikisha mavuno mengine. Tulikaa kwenye nyumba ya udongo aliyoijenga kabla ya kunioa. Paa lake lilivuja pembe tatu.

Kuna mvua moja ilinyesha nikiwa nimepanga mezani daftari arobaini na tatu za wanafunzi nizisahihishe. Maji yakapita pembe ya nne, ambayo hatukuijua, yakazilowanisha zote. Wino ukaenda. Nikasema, "Nimesoma miaka yote ile ili nije kukinga mvua kwa masufuria?" Nilisema mara moja tu. Haikuwa amri, wala sikuwa namtazama yeye. Yeye alikuwa anasogeza sufuria. Juma lililofuata aliondoka na wanaume wenzake kwenda mjini.

Hakuwa wa kwanza. Watu wa sehemu nyingine huenda mjini kujenga; wa kwetu huenda kubomoa. Ni kazi iliyoanzishwa na mtu mmoja wa hapa, akamwita shemeji yake, shemeji akamwita binamu, mpaka mkandarasi mmoja akawa hataki watu wengine. Mjini kuna nyumba za zamani, za chini, zenye vyumba vikubwa na ua mpana, na kila mwaka zinavunjwa ili yapande maghorofa. Wanaume wetu walisifiwa kwa sababu walivunja nyumba bila kumwangushia jirani hata tofali. Wanaanza na paa, kisha dari, kisha wanachomoa fremu za madirisha na milango kwa mtaimbo, taratibu, kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Kuta huja mwisho.

Malipo yao yalikuwa ujira wa siku pamoja na mabaki. Mkandarasi alitaka kiwanja kitupu, hakutaka fremu wala mbao, maana kuzihamisha ni gharama. Kwa hiyo kilichotoka kizima kilikuwa cha wafanyakazi, nao walikigawana. Kila kitu kilichopakiwa kwenye lori kilikuwa na karatasi yenye muhuri wa mkandarasi, imeandikwa dirisha moja, mlango mmoja, mbao kadhaa. Karatasi hizo ninazo zote, kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda changu. Anayetaka kuziona aje. Asiyejua kusoma nitamsomea.

Hivyo ndivyo nyumba hii ilivyojengwa. Dirisha la kwanza lilifika kabla hatujachimba msingi. Fundi wetu alilizunguka mara mbili, akavua kofia. "Mwalimu," akasema, "mimi nimezoea kupima tundu, halafu watu wanatafuta dirisha. Wewe unanipa dirisha nilitafutie nyumba?"

"Utaweza?"

"Nitaweza. Ila usinilaumu ikitoka nyumba inayokonyeza."

Na kweli inakonyeza kidogo. Hakuna madirisha mawili yanayofanana. Lenye vioo vya rangi liko bafuni, kwa sababu ukuta wa bafu ndio pekee uliokuwa bado haujapita kimo chake. Misumari ilikuja imepinda kwenye makopo ya rangi, na mume wangu akija likizo alikaa barazani akiinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Siku nzima ungesikia ko, ko, ko. Huo ndio wizi unaosemwa.

Vipimo nilimwandikia mimi. Simu haifai kwa vipimo. Mtu husikia futi nne akashika tano. Nilitumia rula kubwa ya ubaoni, nikaandika kwa herufi zinazosomeka: dirisha la chumba cha mabinti, upana usizidi futi tatu, dirisha la jikoni, liwe la kufungukia nje. Barua nilimpa dereva wa lori. Baada ya mwezi, au miezi minne, dirisha lilifika, na lilikuwa la kipimo kilekile. Nilijivunia jambo hilo. Nilidhani mjini huko kuna rundo la madirisha, na mume wangu anapita akichagua kama mtu aliye sokoni.

Sitaki ionekane kwamba nyumba ilikuja bure. Mwaka wa pili sehemu ya juu ya shamba ilibaki pori. Nilikuwa nalima Jumamosi, na kibarua hakupatikana kwa kuwa vibarua wote walikuwa mjini wakibomoa. Mwaka wa tatu unga wa kununua ulianza mwezi wa saba baada ya mavuno. Mwaka wa tano ulianza mwezi wa tano. Nyumba ilikuwa inapanda na ghala linashuka. Haikuwa kwangu tu. Kijiji chetu kilifika mahali kikawa na mabati mengi kuliko magunia. Ukisimama mlimani ungesema hapa pana matajiri. Ukifungua vyungu ungesema mengine. Lakini mabinti zangu wawili walisomea chini ya dari kavu, na hakuna daftari lililolowana tena. Hilo nalo liandikwe.

Alikuja mara mbili kwa mwaka, siku kumi kila mara. Akifika alisimama nje na kusema, "Hodi wenyewe." Nilimwambia, "Mtu hapigi hodi kwake." Akasema, "Kwangu pamebadilika, Mwalimu. Mara ya mwisho hapa palikuwa na ukuta." Hakuweza kulalia godoro. Nilimkuta chini, juu ya mkeka, mkono ukiwa mto. Niliudhika. Nikamuuliza huko mjini ana chumba cha namna gani kinachomfanya alidharau godoro langu.

"Kikubwa," akasema. "Kina madirisha mawili na feni ya dari."

Nilifurahi. Niliwaambia walimu wenzangu habari za feni ile.

Kwa miaka tisa kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni mlango wa mbele. Fundi aliacha tundu pana, tukaliziba kwa bati lililofungwa kwa waya. Mwaka huo wa tisa walikuja wakaguzi wa elimu, watu watatu kutoka wilayani, na mwalimu mkuu akawaleta kwangu wapumzike kwa kuwa nyumba yangu ndiyo ilikuwa na viti. Nikasimama mbele yao nikifungua waya. Waya ukanichana kidole. Mmoja wao, mama mtu mzima kama mimi, alinishikia bati kwa upande ili nipite ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Walipoondoka, hasira haijanitoka, nilichukua karatasi nikaandika barua ya mlango. Barua hiyo nitaifikia.

Sasa nije kwenye siku ya lori.

Jumatatu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Sikumbuki kama nilipata kuisikia hivyo tangu watoto wazaliwe. "Nimeuona, Mwalimu. Pande mbili, mbao nzito, vitasa vya shaba. Tunaanza kuivunja nyumba keshokutwa. Jumamosi utaingia kwako kama mgeni rasmi."

Jumamosi saa nne asubuhi lori likafika. Watu walikuwa wamekuja kuangalia, maana nilikuwa nimewaambia, na wifi yangu alikuwepo, amekaa barazani na kikombe cha chai. Dereva alishuka. Hakusalimia. Mimi nikamfuata nikamuuliza, "Mlango umefika?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Alhamisi hakuna aliyenipigia. Ijumaa hakuna aliyenipigia. Baadaye walisema walimwachia dereva anieleze ana kwa ana, kwa heshima. Kwa hiyo niliuliza kitu nilichoahidiwa. Mtu yeyote angeuliza hivyo.

Dereva akavua kofia. "Umefika, mama," akasema. "Njoo huku nyuma."

Akafunua turubai. Upande mmoja wa mlango ulikuwa umesimamishwa, umefungwa kwenye ubavu wa lori. Upande wa pili ulikuwa umelazwa chini, na juu yake, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, amefungwa kamba kifuani na magotini, alikuwa mume wangu. Macho yake yalikuwa wazi. Kulikuwa na vumbi la chokaa kwenye nyusi zake. Vitasa vya shaba vilikuwa karibu na sikio lake la kulia, vinang'aa.

Nilishika ukingo wa lori. Nakumbuka bati lilikuwa la moto. Nakumbuka pia kikombe cha wifi kilivunjika nyuma yangu, na kwamba nilifikiri, hicho ni kimoja kati ya vikombe vyangu sita.

Mume wangu akanitazama. "Mwalimu," akasema, "waambie wasiukwaruze."

Alianguka Alhamisi kutoka juu ya paa. Hospitali walimtazama wakasema ni uti wa mgongo na hakuna la kufanya zaidi ya kumlaza. Hakuweza kukalishwa kwenye kiti cha basi. Wenzake wakatafuta kitu kilichonyooka, kigumu, kirefu kuliko mtu. Wakampandisha juu ya mlango wake.

Wanaume wanane walimbeba. Walipita kwenye lile tundu pana bila kuinamisha upande wowote, kwa sababu fundi alilipima kwa mlango wa pande mbili tuliokuwa tunautamani.

Aliishi miezi mitano. Miguu haikurudi. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa ndani ya nyumba yake zaidi ya siku kumi, na mimi, mtu niliyejiita mke kwa miaka ishirini na mbili, ndipo nilipoanza kumfahamu. Alilala akitazama madirisha na kunisimulia kila moja lilikotoka. Lile la sebuleni lilikuwa la daktari aliyekuwa anafuga njiwa. Lile la jikoni lilikuwa la shule ya watawa. Siku moja nikamuuliza habari za chumba chake cha mjini, nani atakwenda kuchukua vitu vyake.

"Chumba gani?" akasema.

"Chenye feni."

Akageuza uso dirishani. Kisha akaniambia. Walikuwa wanalala ndani ya nyumba wanayoivunja. Wakianza, kila mtu ana chumba chake. Paa likitoka huku, wanahamia kule. Ukuta ukianguka, wanabanana. Mwisho wanabaki wote kumi na wawili katika chumba kimoja, na siku wanapokivunja hicho wanabeba mikeka kwenda kwenye nyumba nyingine. Miaka tisa. Mvua ikinyesha wanajifunika turubai la lori.

"Na feni?"

"Feni ilikuwepo, Mwalimu. Umeme ndio ulikuwa umekatwa."

Nilicheka, naye akacheka mpaka akaumia. Kisha nikaenda jikoni nikasimama. Miaka tisa alikuwa amelala bila paa. Masufuria yangu yalikuwa matatu.

Alifariki asubuhi, juma la kupanda. Mabinti zangu waliwahi kufika.

Baada ya maziko familia ilikaa sebuleni. Mlango ulikuwa haujatundikwa bado. Pande zake mbili ziliegemezwa ukutani. Wifi yangu akasema, mbele ya shemeji zangu wote watatu na majirani, kwamba mlango ule uondoke.

"Mlango huu umemla kaka yangu," akasema. "Tena hatujui ulikotoka. Watu wanasema wa wizi. Uuzwe, tusikae na aibu."

Nikasema, "Wifi, nina karatasi yake."

"Karatasi unazo wewe siku zote. Tunataka mtu."

Mtu alikuwepo. Alikuja kwenye msiba kutoka mjini, mwenzake wa kazi wa miaka yote, wanayemwita Sululu kwa sababu ya wembamba wake. Alikuwa amekaa karibu na tundu la mlango, kofia magotini. Wifi akamgeukia. "Haya, wewe. Wa wizi au si wa wizi?"

"Si wa wizi," Sululu akasema. "Ulikuwa fungu lake. Alichagua mwenyewe, mbele yetu sote."

Nilijisikia kama nimetuliwa mzigo kichwani. Kama angenyamaza pale, au kama ningenyamaza mimi, ingekuwa imekwisha. Lakini wifi akauliza, "Basi alianguka vipi? Mtu wa miaka hamsini na miwili anafanya nini juu ya paa? Hakuna vijana?"

Sululu akanitazama. "Shemeji, niseme?"

"Sema," nikasema. "Sisi hatuna cha kuficha."

Akageuza kofia magotini. "Vijana wapo. Ila sisi tuna sheria yetu ya mabaki. Paa la nyumba kuukuu hujui boriti ipi imeoza. Wa kwanza kupanda ndiye anayelijaribu kwa mwili wake. Kwa hiyo wa kwanza kupanda ndiye wa kwanza kuchagua. Wengine wanafuata kwa kura, wanachukua kinachobaki. Huyu bwana alikuwa anapanda. Si kila nyumba. Ila akiona dirisha analolitaka, anapanda. Tulimwambia, mzee, chukua lolote, dirisha ni dirisha, waachie vijana. Anasema hapana, mama watoto ametaka la futi tatu."

Mimi niliyahesabu madirisha. Sikutaka kuyahesabu, lakini nilikuwa nimekaa mahali ambapo unaona manne, na mengine nayajua kwa moyo. Tisa. Na mlango.

"Kwa nini hakuniambia?" nikasema.

"Angekuambia ungeacha kuandika," Sululu akasema. "Alizipenda barua zako, shemeji. Alitusomea. Hatuna wake wanaoandika vile." Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, kingo zake zimechakaa. "Hii alikuwa nayo mfukoni siku ile. Nilisema nikuletee mkononi."

Nilijua mwandiko kabla haijafunguliwa.

"Soma," wifi akasema. Hakusema kwa ukali. Nadhani naye alikuwa ameogopa. "Wewe ndiye msomi. Soma tusikie."

Niliisoma, kimya, mpaka mwisho. Kisha nikaikunja kama ilivyokuwa.

"Ni vipimo," nikasema.

Na ni kweli. Ni vipimo: upana, urefu, unene wa mbao. Mlango haukuuzwa. Fundi alikuja siku ya nne akautundika, akapaka mafuta bawaba, na hakusema utani wowote.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mume wangu hakuwa mwizi. Kila kitu cha nyumba hii alikichagua mbele ya wenzake, kwa zamu yake, na zamu hiyo aliipata kwa namna ambayo wanaoongeza madirisha sita wasingethubutu. Mabinti zake wakikutana na mtu anayesema vingine, wamwonyeshe maandishi haya.

Najua watu wanaulizana chini ya zile futi na inchi kuliandikwa nini, kwa sababu wifi aliona kwamba nilisoma kwa muda mrefu kuliko vipimo vinavyohitaji. Najua pia wanaulizana kwa nini mlango mzuri kama ule haufunguliwi, na kwa nini mimi, wageni wangu na hata mwalimu mkuu tunapitia jikoni.

Barua ni yangu. Mlango ni wangu. Sisemi zaidi.